Daraja ya Koko Mbuyi

Bwana yangu anaitwa Isidore Mbuyi. Ni soudeur, mutu wa kuunganisha chuma, hapa Shari mu Bunia, na kama ulipita mbele ya atelié yake, pale anafanyiaka kazi, hata siku moja, ulishasikia habari ya koko yake, ni kusema babu yake. Hakuna mutu anaponaka. Unaleta kiti yenye muguu imevunjika, weye uko na haraka zako, yeye anakushikilia pale pale: "Unaona hii soudure? Itadumu kidogo tu. Koko yangu hakuwa anafanya hivi. Alikuwa anafunga chuma na rivet, ile misumari minene yenye inapigwa nyundo ikingali nyekundu. Koko yangu alikuwa na kompani. Alijenga daraja tatu." Unajibu ndiyo, ndiyo papa, unachukua kiti yako, unaenda mbio.

Mimi sikuweza kwenda mbio, nilishaolewa naye. Mimi njo Félicité, nauzishaka samaki ya Tchomia ku soko, na ile habari ya daraja nilikunywa nayo chai kila asubuhi. Mungu ananiona, ilikuwa inanichosha. Hata leo, kama angeianza tena, ningemwambia, vile namuitaka na jina ya binti yetu: Papa Plamedie, funga kinywa, kula.

Siku alikuya kujionyesha kwetu, papa yangu, mutu wa ngombe, alimuuliza: "Kwenu munachunga nini?" Kijana mwingine angedanganya kidogo. Isidore akasema: "Siye hatuchungi, papa. Koko yangu alijenga daraja." Papa akamuangalia weee. "Na ile daraja," akauliza, "inatoa maziwa?" Bajomba balicheka mpaka balimwanga chai. Isidore naye akacheka, lakini akajibu: "Hapana, papa. Lakini ngombe zenye kutoa maziwa zinapita juu yake." Papa akasema huyu kijana apewe kiti. Njo vile niliolewa.

Habari yenyewe, vile alikuwa anaieleza, ni hii. Koko Mbuyi alitoka Kasai akingali kijana, akafuata kazi ya bazungu. Akajifunza chuma. Kisha akasimama peke yake, na bafanyakazi yake kidogo, na jina yake: Kompani Mbuyi. Daraja ya tatu aliijenga upande wa Aveba, kwa ajili ya muzee mumoja wa ngombe mwenye jina Laurent. Kila wakati wa mvua, muto ilikuwa inamubebea ndama. Koko Mbuyi akafunga daraja, ngombe zikapita bila kulowana. Muzee Laurent akafurahi sana, akamupa parsele, kiwanja cha kujenga, hapa Shari, wakati Shari ilikuwa ingali majani tu. Bakachinja, bakala, bakashikana mikono, ikaisha. Nani alikuwa na wazo ya karatasi? Na juu ya daraja Koko Mbuyi akafunga bamba kubwa ya chuma, chuma ya muzuri kabisa, akachonga jina yake ndani na patasi, ili batoto ya batoto yake basome.

Batoto ya batoto habakusoma. Koko alikufa, Muzee Laurent alikufa, vita ikakuya. Papa ya Isidore, yeye peke yake alijua njia ya kufika kule, alikufa siku tulikuwa tunakimbia. Tulimuzika pembeni ya barabara, na hata pale leo sitapajua. Tuliporudi Shari nyumba ilikuwa imechomwa. Isidore akaijenga upya, manjanja moja ya bati leo, ingine mwezi mwingine. Akamaliza na portail, ule mulango mukubwa wa kuingilia parsele. Batu bengine banapenda portail yenye maua, ao yenye simba. Yake aliitengeneza na chuma za kuegemea, pembe kwa pembe, kutoka juu mpaka chini. Alisema njo namna koko alikuwa anapanga chuma ya daraja, vile papa yake alimuchorea mu mchanga. Mimi nilisema inaonekana sawa dirisha ya gereza. Lakini ilikuwa ya muzuri, siwezi kudanganya, na haikulia hata siku moja wakati ya kuifungua.

Sasa, mwaka jana, Willy akatokea. Willy ni mjukuu ya Muzee Laurent. Alizaliwa ngambo, Uganda, alirudi juzi juzi. Alibisha portail na heshima, akasalimia, akala samaki yangu, akasifu pilipili. Kisha akaweka mikono juu ya magoti. "Papa, mama," akasema, "samahani kabisa. Kwetu tunajua kama hii parsele koko aliwaazima tu. Na mama yangu leo anakaa mu hema, mu kambi ya bakimbizi. Mvua inamupigia ndani. Mimi sina pengine pa kumuweka."

Eh! Nilitaka kumurudisha samaki yangu kutoka mu tumbo. Lakini kijana alikuwa anaongea macho chini. Ningemuchukia namna gani?

Tulienda kwa shefu wa kartie, mukubwa wa mtaa wetu. Shefu akatusikiliza, akakuna kichwa, akasema bazee benye balishikana mikono bote balikufa, yeye hakuwa pale, tuelewane siye wenyewe. Njo pale Isidore akaamuka na ile habari yake. Daraja, koko, kompani, bamba yenye jina. Willy akasikiliza mpaka mwisho, yeye wa kwanza mu maisha yangu nilimuona anasikiliza mpaka mwisho.

"Papa Isidore," akasema, "basi tuende tuone. Kama naona jina ya koko yako ku daraja, nitarudi hapa mbele ya shefu, nitasema parsele ni yenu, na mutoto yangu hatawauliza neno. Kama sioni jina, mutanipa parsele. Ni sawa?"

Nilimukanyaga Isidore muguu. Nilimukanyaga na nguvu! Mutu hajaona daraja hata siku moja, hajui njia, hajui kama ingali inasimama. Lakini uso yake ilikuwa imeshawaka. Mutu alimuamini, unaona? Akanyoosha mukono. "Ni sawa," akasema, "chuma haidanganyi." Bakashikana mikono mbele ya shefu, sawa vile bakoko yao. Nilirudi nyumbani bila kuongea, na mimi kunyamaza ni kitu Plamedie, binti yangu, hajaonaka. Akaniuliza kama niko mugonjwa.

Kupata daraja, ni mimi nilipata, si yeye. Mwanamuke mumoja, Madeleine, anatokaka karibu na Aveba kununua samaki kwangu. Nikamuuliza kama anajua daraja ya zamani ya chuma. "Ile ya ngombe?" akasema. "Iko kwetu. Gari haiwezi kupita, ni ngombe na batu tu." Nilimushika mukono, nikamupeleka atelié na samaki yake mu kichwa. Isidore akamuuliza: "Chuma zake, zimefungwa na nini?" Madeleine akafikiri. "Zina vichwa vya mviringo, mingi, sawa vifungo vya koti." Isidore akakaa chini, pale pale mu vumbi ya chuma, akaanza kulia. Madeleine aliniangalia na woga, nikamwambia hapana, mama, hana wazimu, ni koko yake.

Tulienda na pikipiki mbili, Willy mbele, mimi na Isidore nyuma na motari wetu, mwenye kuendesha pikipiki. Nilikuwa nasali kwa kila barrière, kizuizi cha njiani, juu ile njia si njia ya kutembea ovyo. Mahali pamoja Isidore akapiga kelele tusimame. Mu kijito kulikuwa nguzo mbili za mawe, na juu ya moja kipande cha chuma imepinda, imekatwa. Mulimaji wa pale akatuambia ilikuwa daraja, batu baliikata wakati ya vita, bakauzisha chuma. Isidore akashuka mpaka mu maji, akapapasa kile kipande. "Njo ya pili," akasema. "Ile ya kwanza papa alisema maji iliibeba. Hii njo ya pili." Nikamuuliza alijua namna gani. Akanionyesha ile vichwa vya mviringo. Willy naye alishuka, akaangalia. Bamba haikuwa pale.

Na ya tatu, jamani, inasimama.

Inasimama kabisa! Tulitoka mu majani na ile pale, nyekundu ya kutu, pembe kwa pembe kutoka huku mpaka kule. Portail yangu. Kweli kabisa portail yangu, lakini kubwa, imelala juu ya maji, na ngombe zinapita juu yake bila haraka. Miaka yote nilikuwa nafungua na kufunga ile kitu asubuhi na mangaribi, na sikujua. Machozi ilinitoka, na sikuipangusa, kila mutu aone.

Isidore hakulia ile mara. Alilala tumbo chini, akaangalia upande wa chini. Akahesabu, akapapasa, akagonga na kifunguo yake, akatega sikio. "Hakuna soudure hata moja," akaniambia, sawa mutu mwenye kusali. "Hata moja, mama Plamedie." Willy aliweka mukono ku chuma naye. "Koko yangu alikuwa anasimama hapa kuhesabu ngombe zake," akasema. Alikuwa anacheka muzuri. Nikajua tumeshinda. Nilianza hata kumuhurumia mama yake, nikajisemea tutamupa chumba ya nyuma, kwa nini hapana.

Kisha Isidore akafika ku mwanzo ya daraja, ku nguzo ya mukono ya kuume, akasimama. Pale kulikuwa tundu ine za bolt, na katikati yake chuma yenye rangi tofauti kidogo. Pa bamba. Bamba haiko.

Mimi nikakaa chini. Ngombe zilikuwa zinapita tu.

Mama mumoja muzee akatokea na jembe yake mu bega. Jina yake Anastasie. Akatusalimia mumoja mumoja, kisha akauliza tunatafuta nini mu daraja yao. Isidore akamuonyesha zile tundu. "Kulikuwa chuma hapa, mama. Imeandikwa."

"Ile?" Anastasie akasema. "Aah! Ile iko salama. Iko ku chapele. Njo kengele yetu!"

Weee! Isidore alikimbia. Ana muguu mubaya, alianguka mara moja, akaamuka, akakimbia tena. Mama Anastasie anamufuata nyuma anacheka, anafikiri pengine huku Bunia batu banapenda kengele hivi. Alikuwa anatueleza mu njia, pumzi juu: balipima chuma zote, rimu ya gari, reli, yote haina sauti. Hii ya daraja njo ilikuwa na sauti. Balifungua zile bolt mwaka wenye yeye aliolewa pale, na toka siku ile yeye njo anapigaka. Inaita misa, inaita shule, inasema nani amekufa. Wakati ya vita yeye aliipiga mpaka mikono ilitoka damu, na kijiji yote ikakimbia, benye kushambulia habakumupata mutu. "Hii chuma ilituponyesha," akasema. "Mwenye aliitengeneza, Mungu amubariki."

Ilikuwa inaninginia ku waya, chini ya kibanda kidogo cha manjanja, pembeni ya chapele. Nene, nyeusi. Isidore akaishika na mikono mbili, akaigeuza.

Katikati ilikuwa laini. Laini na ya kuingia ndani, inangaa, sawa kijiko yenye imekaa miaka mingi mu nyumba. Njo pale kulikuwa jina. Njo pale Mama Anastasie anapigaka, kila siku, toka aliolewa. Isidore akapitisha kidole, akarudisha, akapitisha tena. Akatoa shati yake, akapangusa. Ku mwisho kabisa, karibu na tundu, kulikuwa alama moja imebaki, ya kusimama.

"Hii," akasema. "Willy, mutoto yangu, angalia. Hii njo herufi ya mwisho ya jina yetu. Mbuyi. Hii ya mwisho."

Willy akainama. Aliangalia muda murefu, na nitasema kweli, alitafuta. Alitafuta na macho, alitafuta na kidole, akaita motari yetu naye aangalie. Motari akasema anaona kijiti.

"Papa," Willy akasema, "ni kijiti."

"Ni ya Mbuyi."

"Inaweza kuwa ya mutu yeyote, papa."

Nikamugeukia Mama Anastasie. Nikamwambia weye uliiona mbele ya kuipiga, uliiona mpya, kuliandikwa nini? Nilimushika mabega. Maskini akaniangalia na huruma. "Binti yangu," akasema, "mimi sikusoma. Nilikuta tu ina mikwaruzo, iko inaumiza nyundo. Kisha ikaisha."

"Na mwenye aliifungua? Katekista? Bazee bengine?"

"Balishaenda bote. Ni mimi nimebaki."

Isidore akamuomba apige pembeni, mbali na ile alama. Mama Anastasie akachukua chuma yake ndogo, akapiga pembeni. Ikatoa sauti ya sufuria. "Unaona?" akasema. "Pembeni imekufa. Ni katikati tu." Na ili mugeni asikie vizuri, akapiga katikati, pale pa jina, mara nyingi na nguvu.

Sijasikia kitu ya muzuri hivi. Ilijaza bonde yote. Batu bakaanza kutoka mu mashamba na mu nyumba, banakuya mbio, juu haikuwa saa ya misa wala ya shule. "Nani amekufa?" banauliza. "Ni nani? Nani amekufa?"

"Hakuna mutu," Mama Anastasie akabajibu. "Ni bageni tu."

Mimi nilimupandia Willy na maneno. Nilisema yote. Uliona daraja kwa macho yako, uliona portail yetu, zinafanana sawa mapacha, unataka nini tena, unataka koko aamuke mu kaburi akuonyeshe kitambulisho? Willy alikuwa analia kweli. "Mama, mimi naamini," akasema. "Moyo yangu inaamini. Lakini kwetu batauliza niliona jina ao sikuona. Nitasema nini? Na mama yangu ataendelea kulala mu maji?" Nikafungua kinywa, na Isidore akanishika mukono. "Acha," akasema. "Alisema jina. Mimi nilikubali." Sauti yake ilikuwa ndogo. Tangu niolewe, sijamusikia na ile sauti.

Mu njia ya kurudi aliongea mara moja tu. "Kama koko angechukua chuma mubaya," akasema mu sikio yangu, "bangeiacha pale ku daraja." Nilimushika kiuno.

Tulihama. Leo tuko mu vyumba mbili za kupanga, ngambo ingine ya soko. Willy mwenyewe alitusaidia kubeba vitanda, na mbele ya bajirani akamwambia Isidore angoe portail yake, aende nayo, ni kazi ya mikono yake. Nilishaita fundi ya kuingoa. Isidore akakataa. "Acha," akasema. "Yule mama ni muzee. Atafunga na nini?" Akatia mafuta mu bawaba, akaipima mara ya mwisho kama inalia, akatoka.

Sasa batu banaleta kiti zao atelié, anasude, anabarudishia. Haongei. Bengine bananiuliza ku soko: mama Félicité, papa iko mugonjwa? Habari ya koko iliisha? Banasema banakosa kicheko. Nabaambia bende bacheke kwao.

Juzi nilipita mu avenue yetu ya zamani na beseni ya samaki. Mama ya Willy alikuwa amekaa ku portail, juani, amefunikwa na kitenge. Ni mama muzuri, anachekaka. Akaniita, akachagua samaki mbili, hakujua mimi ni nani. Wakati nafunga samaki, akapapasa ile chuma za pembe kwa pembe.

"Mama, ona hii portail," akasema. "Haina kelele hata kidogo. Ni nani aliitengeneza?"

"Ni Mbuyi," nikamujibu.

"Mbuyi?" Akafikiri. "Sijasikiaka ile jina."

Nikaweka beseni chini. Nikamwambia ni soudeur, mjukuu ya Koko Mbuyi, na ile koko alikuwa na kompani, alikuwa anafunga chuma na rivet, inapigwa nyundo ikingali nyekundu, alijenga daraja tatu, na moja ingali inasimama upande wa Aveba, mimi niliiona kwa macho yangu.

"Ndiyo, ndiyo, mama," akasema. Akachukua samaki yake, akaingia, akafunga portail.